Maji Tumemwaga, Mbona Miche Inanyauka?

Jambo hili tumelikuta mara nyingi tukitembelea mashamba yenu. Sukuma wiki imetiwa mbolea ya dukani konzi nzima hapo hapo kwa shina. Baada ya siku chache majani yamelegea na kingo zimeungua. Udongo una maji, lakini mmea una kiu! Wengine husema mbolea ni mbovu, wengine husema ni jicho la jirani. Sababu iko ndani ya mmea wenyewe.

Mmea umejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli. Mwingereza Robert Hooke aliviona mwaka wa 1665, akichungulia kipande cha kizibo kwa hadubini. Sehemu zake kubwa ni hizi:

1. Ukuta. Uko nje, ni mgumu, nao huipa seli umbo lake.

2. Utando. Ni ngozi nyembamba ndani ya ukuta. Ndio bawabu: maji hupita kwa urahisi, vitu vingine huchujwa.

3. Kiini. Hutunza maagizo ambayo mmea umerithi.

4. Kloroplasti. Hizi ndizo jiko, na ndizo hufanya jani liwe kijani. Kwa jua, maji na hewa ya kaboni hupika sukari.

5. Vakuoli. Hili ni tangi la maji. Likijaa husukuma ukuta, na jani husimama imara kama gurudumu la baiskeli lililojaa upepo. Likipungua, jani hulegea.

Sasa, mbolea ya dukani ni chumvi, na maji hupita kwenye utando kufuata upande wenye chumvi nyingi. Tukirundika mbolea kwa mizizi, udongo unanyonya maji ya mmea badala ya kuupa.

Hakikisheni wenyewe mkutanoni. Kateni vipande viwili vyembamba vya kiazi. Kimoja kiwekeni katika maji safi, kingine katika kikombe cha maji yenye vijiko viwili vya chumvi. Baada ya saa mbili, cha maji safi ni kigumu, cha chumvi kinapindika kama kamba.

Kwa hivyo, tunapopanda tupime mbolea kwa kifuniko cha soda, kimoja kwa shimo, na tuichanganye na udongo kwanza. Kama mmezidisha, mwagieni maji mengi mapema ili chumvi ishuke chini. Jani lililokwisha kukauka halitarudi, lakini mmea wenyewe unaweza kupona.