Usifukize udi juu ya udi: harufu ya kuvunda kwenye makasha ya ala za wazee



Leo nawaletea jambo la nyumbani, na naamini nyumba nyingi zetu zinalo. Wiki chache kabla ya Ramadhani iliyopita, kakangu aliniletea mizigo kutoka Mombasa. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa ikitengenezwa paa, na kila kilichokuwa chumba cha juu kikabidi kitolewe. Ndani ya mizigo ile mlikuwa na makasha mawili: moja la udi wa marehemu babangu, la pili la fidla ya ami, ndugu yake. Wazee hao walikuwa wakipiga kwenye harusi usiku kucha, na asubuhi mmoja anafungua duka lake, mwengine anakwenda kazini bandarini, kama hakijatokea kitu. Babangu alifariki mwaka 1994. Tangu siku hiyo makasha hayakufunguliwa.

Nikayafungua sebuleni, watoto wamenizunguka. Lo! Ilitoka harufu ya kuvunda, ile ya godoro lililolowa likakaukia ndani. Mjukuu wangu wa miaka 11, ambaye ndiye aliyekuwa akiulilia huo udi, akaanza kupiga chafya, kisha kukohoa. Ana pumu. Usiku ule alivuta dawa yake mara mbili. Asubuhi mamake, yaani binti yangu, akaniambia kwa adabu lakini bila kuzunguka: "Mama, ama makasha haya yatoke nyumbani, ama mtoto alale kwengine."

Basi nikabaki na swali zito. Nitupe alichoacha babangu, au nimdhuru mjukuu anayetaka kukirithi?

Nilivyokosea

Nilifanya ambalo wengi wenu mngelifanya. Niliwasha chetezo, nikatia udi na ubani, nikayafukiza makasha kama ninavyofukiza nguo za Idi. Siku tatu yalinukia vizuri. Siku ya nne uvundo ukarudi, na safari hii umechanganyika na moshi, ukawa mbaya zaidi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Buhuri huifunika harufu, haiiondoi. Tena moshi wa udi una mafuta, na mafuta hayo hushika kwenye mahameli ya kasha na kwenye mbao. Kufukiza udi wa kunukia juu ya udi wa kupiga ni mapenzi, lakini si dawa.

Nikaona nitie vile vidonge vyeupe vya naftalini, tunavyoweka kabatini kufukuza nondo. Mkwe wangu alinishika mkono. "Mama, umesahau kuwa mtoto mdogo ana G6PD?" Astaghfirullah, nilikuwa nimesahau. Nyinyi mlioko Oman mnaujua upungufu huu, wengine huuita ugonjwa wa ful, kwa sababu mwenye nao hukatazwa maharage yale. Uko kwa wengi huku, na uko kwa wengi pwani ya Afrika Mashariki. Naftalini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mwenye upungufu huu, na kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi, hata kwa kuvuta ile harufu au kuvishwa nguo zilizolala nayo. Nawaomba sana: kama nyumbani mna mtoto wa G6PD, vidonge hivyo visiingie, si kwenye kasha tu, hata kabatini.

Harufu hii inatoka wapi?

Mwishowe nilikwenda kwa fundi mmoja wa udi hapa Maskati. Alicheka kidogo alipoinusa mahameli, kisha akanifundisha kama mimi nilivyokuwa nikifundisha watoto darasani.

Ile si harufu ya uzee. Mbao kavu inaweza kukaa miaka mia isinuke hivyo. Inayonuka ni kuvu, au koga kama tunavyoiita nyumbani. Kuvu inataka vitu viwili: chakula na unyevu. Chakula kimo tele ndani ya kasha, manake pana pamba ya kitambaa, kadibodi, plaiwudi, gundi, vumbi na jasho la mikono. Unyevu wa hewa ukipita kiasi cha asilimia 65 au 70 na ukadumu, kuvu huota. Mombasa, Lamu na Unguja hewa hupita kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Kasha lililofungwa chini ya kitanda likishaingia unyevu, hautoki.

Hewa ikikauka kuvu husinzia tu, haiondoki. Chembe zake ndogondogo hubaki zimeshika kitambaa zikingoja unyevu mwengine. Na hata iliyokufa huweza kumchokoza mwenye pumu. Kwa hiyo kuiua hakutoshi, lazima itolewe.

Tulivyofanya

Kwanza, toeni ala ndani ya kasha, na kila kimoja kitibiwe peke yake. Kasha linastahimili mambo ambayo udi hauyawezi. Udi au fidla ipanguswe kwa kitambaa laini kikavu, iwekwe chumba chenye hewa, mbali na jua na mbali na upepo wa kiyoyozi. Msiikaushe kwa pupa. Uso wa udi ni ubao mwembamba mno, milimita mbili hivi. Ukiutoa kwenye unyevu wa Mombasa ukauweka chini ya kiyoyozi cha Maskati kwa mara moja, unaweza kupasuka. Wala usiache ala ndani ya gari: gari lililofungwa juani kiangazi hupita nyuzi joto 60 ndani, na gundi za kizamani zilizotokana na ngozi za wanyama hulegea.

Pili, kasha litolewe nje ya nyumba, uwanjani au juu ya dari. Vaeni barakoa na glavu, na mwenye pumu asiwe karibu. Livuteni vumbi kwa vakyumu yenye kichujio kizuri, ile ya HEPA, kila kona, chini ya vifuko na ndani ya kile kisanduku kidogo cha nyuzi. Msianze kwa brashi kavu, mtazirusha chembe za kuvu hewani mzivute wenyewe.

Tatu, jua. Liacheni kasha wazi kwenye jua la asubuhi saa mbili au tatu, siku kadhaa mfululizo, kisha lirudi kivulini penye upepo. Jua la mchana kutwa hupausha mahameli na kupinda kadibodi. Na chagueni siku ambayo hewa ni kavu. Huku ufukweni mwa Oman kiangazi kina siku za fukuto, hewa nzito kama ya Mombasa, na siku hizo kasha halikauki.

Nne, palipo na madoa ya kuvu, chovyeni kitambaa kwenye spiriti ya asilimia 70, mkamue, mpanguse kidogo kidogo. Jaribuni kwanza pembeni pasipoonekana, kwani rangi nyengine hutoka. Msilowanishe, manake mahameli imeshikwa kwa gundi na maji yatairarua. Spiriti hushika moto, basi chetezo na jiko viwe mbali kabisa. Na haya msiyasahau: spiriti isiguse udi wala fidla, kwani huyeyusha vanishi. Jiki nayo isitumike, hula kitambaa, hula kufuli za chuma, na moshi wake si mzuri kwa kifua.

Tano, tieni bekingi soda kwenye vibakuli viwili, fungeni kasha likiwa tupu, badilisheni kila baada ya siku tatu. Mkaa maalumu wa kuchujia maji, uliotiwa kwenye mfuko wa kitambaa, unafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Hivi hunyonya harufu iliyobaki, lakini kasha ambalo bado lina unyevu havilisaidii. Ndiyo maana vinakuja mwisho.

Kujua kama limepona, wekeni kitambaa cheupe kilichofuliwa ndani ya kasha, lifungwe usiku na mchana, kisha mnuse kitambaa, si kasha. Pua huzoea. Mimi nilikuwa nasema "limeisha", kitambaa kikasema "bado".

Moja lilipona, moja halikupona

Kasha la ami, lile la fidla, ni la mbao. Mahameli yake ilikuwa na doa moja tu. Siku ya kumi na nane kitambaa kilitoka hakina harufu yoyote. Fidla yenyewe ilikuwa na vumbi tumboni, na fundi akamimina kiganja cha mchele mkavu kupitia matundu yake, akautikisa pole pole, akaumimina nje na vumbi lake lote. Mwachieni fundi kazi hiyo.

Kasha la babangu halikupona. Lilikuwa la kadibodi iliyoshindiliwa, imefunikwa kitambaa cheusi, na maji ya paa yalikuwa yameingia mpaka ndani. Mwezi mzima nilihangaika nalo. Fundi akabonyeza pembe kwa kidole, ikabonyea kama mkate. Akaniambia, "Mwalimu, hili limeoza. Sponji na kadibodi vikishaingiwa na kuvu hadi kiini, havioshwi."

Nitawaambia ukweli, nililia. Katika harufu ile mbaya mlikuwa na kitu kingine, kama ule utomvu wa kusugulia upinde wa fidla, na tumbaku, na kikohozi cha babangu akiingia nyumbani alfajiri. Niliona nikilitupa kasha nitamzika mara ya pili. Binti yangu akaja akaketi nami, akasema maneno ambayo mimi ndiye niliyepaswa kumwambia yeye: "Mama, Babu hakuliacha kasha. Ameuacha udi."

Basi nilichukua mpini wa ngozi, kufuli mbili za shaba na kile kikaratasi kilichoandikwa jina lake kwa hati yake mwenyewe. Nikavisafisha, nikavikausha. Kasha likatiwa ndani ya mfuko, likafungwa, likatupwa. Udi ukanunuliwa kasha jipya, na kufuli za babangu zikatiwa juu yake. Fundi hakutaka kulipwa kwa kazi hiyo.

Lisirudi tena

Sista mmoja aliyetufundisha muziki kwenye sekondari ya misheni alikuwa akituambia: usifunge kasha likiwa na jasho lako. Wakati ule tulidhani ni ukali tu. Kumbe ilikuwa elimu. Panguseni ala na mikono yenu kabla ya kufunga.

Wekeni ndani ya kasha kidude cha kupimia unyevu, si ghali. Ala za mbao hupenda asilimia 40 hadi 60. Ikizidi, tieni vipakiti vya silika. Ikipungua sana kwa sababu ya kiyoyozi, tafuteni kile kinachorudisha unyevu kidogo, kwa ushauri wa fundi. Kasha lisilale sakafuni, wala lisiegemee ukuta wa nje, wala lisiwekwe stoo isiyo na hewa. Na lifunguliwe angaa mara moja kwa wiki. Dawa kubwa kuliko zote ni kuipiga ala yenyewe. Kasha linalofunguliwa kila siku halipati nafasi ya kuvunda.

Kwa nini najisumbua hivi? Kwa sababu ala hizi ni sehemu ya safari yetu. Ikhwani Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905. Siti binti Saad alikwenda mpaka Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake kwenye santuri. Udi, fidla na ganuni zilivuka bahari na watu wetu, kwenda na kurudi, na nyengine ziko chini ya vitanda vyenu hivi sasa, Maskati, Sharjah, hata Portsmouth. Zinanuka, na wajukuu wanaziogopa. Kabla hamjazitupa, na kabla hamjazifukiza, zitoeni nje mzitazame. Huenda kasha limekufa na udi uko hai.

Mjukuu wangu sasa anakwenda kwa mwalimu wa udi kila Jumamosi. Anapiga vibaya sana, mashaallah. Kifua chake hakijambo, na mamake hajanitajia tena kulala kwengine.