Semina Siku Tatu, Siku ya Nne Yetu Wawili



Tangu nirudi kutoka Kindu nimeulizwa swali moja kisimani, sokoni na hata mbele ya kanisa: "Mama, yule samaki mliyemla na bwana yako kando ya mto, amelipwa na kisanduku cha kikundi?" Wengine wameuliza wakicheka. Wengine hawakucheka. Kikundi ndicho kilichonituma, na nauli yangu ilitoka katika akiba yetu sote, kwa hiyo mna haki ya kujibiwa. Nimeomba nafasi katika jarida hili nijibu kwa maandishi, tena nijibu yote, pamoja na yale yasiyonipendeza.

Jibu la kwanza ni hapana. Kikundi kilitoa nauli ya pikipiki ya mtu mmoja, kwenda na kurudi. Walioandaa semina walinipa kitanda na chakula kwa siku tatu, na siku ya mwisho wakarudishia kila mmoja pesa ya safari. Pesa hiyo niliileta Kampene kama ilivyo, na mweka hazina ameiandika katika daftari. Nauli ya bwana yangu, chakula chake, chumba cha usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, pamoja na huyo samaki, vilitoka katika mpunga tuliouza nyumbani. Anayetaka kuona daftari aje Alhamisi.

Sasa sababu ya kwenda wawili.

Nimekwenda semina mara mbili kabla ya hii, mara moja Kalima na mara moja Kindu, na mara zote nilikwenda peke yangu. Bwana yangu hakunikataza. Lakini kila niliporudi nilikuta nyumba imenyamaza. Chakula analeta, watoto anawapeleka shule, ila maneno hakuna, wiki nzima. Baadaye nikajua kwamba nikiwa safarini watu walipita kumwuliza, "Mke wako analala wapi huko? Hiyo perdiemu anapewa bure?" Siku moja na yeye akaniuliza hivyo hivyo: "Huko mnalala wapi?" Nilikasirika sana. Nilimjibu vibaya, na watoto walisikia.

Najua kuna mama atakayesema: mbona unajieleza, siku hizi mwanamke ni huru. Ni kweli, sheria imebadilika. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya mambo mengi ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo, na sasa inasema mume na mke waafikiane. Mimi napenda neno hilo, kuafikiana, ila sheria haikai nasi mezani jioni. Mtu anayesikia maneno ya njiani na hajawahi kuona semina inafanana na nini, ataafikianaje nawe?

Kwa hiyo barua ya mwaliko ilipokuja, nilimwambia, "Baba, safari hii twende wote, ukaone." Alinyamaza kidogo, akasema, "Watu watanicheka. Mwanaume kufuata mke kwenye mkutano wa wanawake?" Aliyetuokoa ni mama mkwe. Alikuwa anachambua sombe, hakuinua hata kichwa. Alisema, "Kwani wazee wenu walikwenda peke yao?" Alikuwa anasema habari za bwami. Sisi Warega tunajua: mwanaume alipopanda ngazi za bwami, mke wake naye alikuwa na ngazi zake, bombwa, bulonda na bunyamwa, na ngazi ya mke ilifuatana na ya mume. Watu walihama kijiji hadi kijiji kwa ajili ya sherehe zile, wake kwa waume. Wabelgiji walipiga marufuku bwami mwaka 1948, lakini bibi zetu hawakusahau nani alisimama karibu na nani. Basi mama mkwe akachukua watoto, neno likaisha.

Barabara sitaieleza. Mnaijua. Tulifika Alunguli na matope mpaka kwenye magoti, motari wangu amechoka kuliko sisi, na pale ukingoni tukasubiri mtumbwi wa mashine pamoja na magunia ya mkaa na mbuzi wawili. Alunguli iko ng'ambo yetu ya mto, lakini Kasuku na Mikelenge, ambako ndiko mji wenyewe, ziko ng'ambo ya pili. Mtu wa Kampene haingii Kindu bila Lualaba kumpa ruhusa.

Nilikuwa nimewaambia waandaaji mapema kwamba nakuja na mume wangu. Walinijibu kwa heshima: kitanda ni cha mshiriki mmoja, na chakula pia. Ni haki. Basi usiku tatu tulilala mji mmoja, nyumba mbili, yeye kwa ndugu yake Mikelenge, mimi na wamama wenzangu. Ningewafundisha wote jambo hilo: uliza kabla, na usiende kumfichia mtu kitandani au kumgawia sahani ya semina chini ya meza. Mwaka uliopita nilimwona mama mmoja akifanya hivyo, na aibu yake ilitupata wote.

Siku ya kwanza bwana yangu alikuja kunisalimia saa sita. Alisimama chini ya mwembe nje ya ukumbi. Aliona wanawake arobaini na daftari zao, mkufunzi anaandika hesabu ubaoni, jua kali, usingizi wa baada ya kula. Jioni aliniambia, "Kumbe ni shule." Nilicheka, lakini nilielewa kwamba miaka yote hii alikuwa na picha nyingine kichwani.

Siku ya pili nilikosea, na kosa ni langu peke yangu. Wenzangu walianza kumtania pale mwembeni, wakimwita askari wa mke. Nilimwona ameinamisha uso. Moyo ulinichoma, na saa nane nikatoka ukumbini nikaenda kutembea naye sokoni. Nilipotoka ndipo mkufunzi alipofundisha namna ya kugawa faida ya mwisho wa mwaka kwa wanachama ambao hawakuweka hisa sawa. Ndilo jambo mliloniagiza! Nilinakili kwa jirani yangu usiku ule kwa taa ya simu, na asubuhi nikamwomba mkufunzi anirudilie wakati wa chai. Alinirudilia. Nafikiri nimelishika, mtaona Alhamisi nikilieleza, lakini ningelala vizuri zaidi kama nisingetoka. Na bwana yangu mwenyewe ndiye aliyenigombeza: "Walikutuma kazi. Mimi ningeweza kungoja."

Ijumaa jioni tulikuwa na ugomvi mwingine, huu ukiwa wa pesa. Tulipewa pesa za safari katika bahasha, tukatia sahihi. Bwana yangu aliona ile bahasha, akasema hapa kuna taa ya jua nzuri dukani, watoto watasoma usiku. Nikamwambia pesa hii si yetu. Akasema imeandikwa jina lako. Tulibishana barabarani, watu wakitupita, mpaka nikatoa kikaratasi ambacho katibu wetu aliniandikia kabla ya kuondoka: nauli imetolewa na kikundi, ikirudishwa irudi kikundini. Alikisoma mara mbili. Akakikunja, akanirudishia, na taa hatujanunua mpaka leo. Bila karatasi ile nadhani ningeshindwa. Naomba kila mama atakayetumwa apewe kikaratasi kama hicho, si kwa sababu hatumwamini.

Jumamosi sasa.

Tulikuwa tumechukua chumba kidogo katika nyumba ya wageni, si cha kifahari, ndoo ya maji na chandarua. Asubuhi hatukuwa na saa ya kuwahi. Mimi sikumbuki lini mara ya mwisho niliamka bila kuwasha moto. Tulikunywa chai na mikate, tukaenda kwa miguu mpaka gari la moshi, stesheni.

Huenda mnashangaa: stesheni ina nini cha kutazama? Reli ya Kindu ilijengwa na kampuni ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902 na yule tajiri Mbelgiji Empain. Ndiyo maana ramani za zamani ziliandika Kindu-Port-Empain. Kati ya Kongolo na Kindu mto una maporomoko, meli haipiti, hivyo wakapitisha reli kando. Ukitoka Kindu kwenda chini, meli inaweza kuteremka mpaka Ubundu, halafu tena maporomoko, tena reli mpaka Kisangani. Mji wetu mkuu wa mkoa umekua kwa sababu hiyo, mahali ambapo watu walishuka garini wakapanda melini. Mkoa wenyewe wa Maniema ni wa 1988 tu, tulipotengwa na Kivu.

Bwana yangu alisimama pale relini muda mrefu. Akasema, "Baba yangu alishuka hapa." Nilijua mkwe wangu alifanya kazi mgodini, enzi za SOMINKI na kabla yake. Sikujua kwamba alitoka upande wa Kongolo, kijana asiye na ndevu, na kwamba alikuja kwa gari la moshi akilala juu ya magunia, na kwamba kutoka ng'ambo ya mto alitembea kwa miguu mpaka kwetu. Tuna miaka kumi na tisa ya ndoa na watoto sita. Nikamwuliza mbona hajawahi kuniambia. Akasema, "Ungesikia saa ngapi? Wewe uko jikoni, mimi niko barazani."

Ni kweli. Nyumbani kwetu, kama kwenu wengi, mwanaume anakula na wavulana na wageni, mama anakula baadaye na wasichana, mara nyingi amesimama. Mchana ule tulikaa kwa mama mmoja anayepika chini ya turubai karibu na mto. Alileta wali wa Maniema, sombe ya mawese, na samaki kapitene wa mchuzi wenye pilipili ya kutosha kumliza mtu. Sahani mbili, faranga 12,000, soda mbili juu yake. Kulikuwa na meza moja, na hapakuwa na mtoto wa kumtolea miiba. Nilikula mpaka nikaona haya. Bwana yangu alinisukumia kichwa cha samaki, ambacho nyumbani ni chake siku zote. Nilikichukua.

Tulikaa pale mpaka adhana ya jioni ikasikika na mitumbwi ikaanza kurudi. Tulitazama maji tu. Livingstone alipofika mto huu juu, Nyangwe, mwaka 1871, alidhani pengine ni Nile. Bwana yangu alisema mzungu angewauliza wamama wa soko wangemwambia unakwenda wapi. Sijui kama wangemwambia.

Najua huko Arusha wajumbe wa mikutano mikubwa huongeza siku wakaone wanyama Ngorongoro, na hakuna anayewasema. Sisi siku yetu moja imekuwa habari ya mji. Sishangai, maana pesa zetu ni kidogo na kila faranga ina macho. Kwa hiyo sisemi kila mama aende na bwana yake. Kuna mabwana ambao wangekaa ndani ya ukumbi kukujibia maswali. Kuna nyumba ambazo hazina wa kuachiwa watoto, wala mpunga wa kuuza. Na kuna mama anayehitaji zile siku tatu apumzike na huyo huyo bwana. Huyo aende peke yake, tumwombee barabara nzuri.

Ila kwangu, nyumba haijanyamaza tangu turudi. Majirani walipokuja na maswali yao, yeye ndiye aliyewajibu: wanawake arobaini, ubao, hesabu, joto. Amesema semina ijayo atabaki na watoto, kwa sababu pikipiki ilimvunja mgongo.

Alhamisi saa tisa, penye mkutano wetu wa kawaida, nitaeleza ule ugawaji wa faida ubaoni. Njooni na daftari zenu za hisa. Mweka hazina atakuwa na daftari la kisanduku mezani, na kamati itasikiliza mawazo yenu kuhusu safari za wawili: nani aombwe ruhusa, karatasi iandikwe namna gani, na je, anayefuatana na mshiriki aruhusiwe kusubiri mwembeni au abaki kabisa mbali na ukumbi. Mimi nina maoni yangu kuhusu ule mwembe, lakini nitangoja kusikia yenu kwanza.