BESI NI TUTA LA JARUBA

Ndugu msomaji, wewe ni mkulima wa mpunga. Unajua kazi ya tuta la jaruba. Tuta halizai mpunga. Mgeni akipita hasifu tuta, husifu masuke. Lakini tuta likibomoka, maji hukimbia na mpunga hukauka.

Katika muziki, gitaa la besi ni tuta hilo. Watu husifu mwimbaji na gitaa la solo. Mpiga besi hawamtazami. Lakini besi ikinyamaza, wimbo hukimbia kama maji, na wachezaji hupoteza hatua.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mbegu, mbolea na palizi. Lakini nilipokuwa kijana nilipiga besi katika kwaya. Leo nataka kukueleza habari za gitaa hilo, kwa sababu ya jambo lililotokea hapa Kagongwa.

VIJANA SABA NA SPIKA MOJA

Vijana saba, wanaume wanne na wanawake watatu, waliunda kikundi cha muziki. Walilima pamoja ekari tatu za mpunga. Walipovuna waliuza magunia 14. Kwa fedha hiyo walinunua gitaa la besi lililotumika, na waya wake. Fedha ikawa imekwisha. Hawakununua kikuza sauti cha besi.

Baada ya mavuno walialikwa kupiga muziki harusini. Walichomeka besi katika kikuza sauti cha kuhutubia mikutano, cha kuazima. Spika zake zilikuwa ndogo. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wimbo wa pili watu walipiga kelele, "Ongeza besi!" Mpiga besi akaongeza. Spika ikakoroma, kisha ikachanika.

Mwenye spika alidai fedha yake. Kikundi kilifanya mkutano usiku uleule. Wakasema, "Aliyeongeza sauti ndiye atakayelipa." Kijana yule hakujibu. Kabla ya jua kuchomoza alikuwa amepanda gari kwenda machimbo ya dhahabu upande wa Geita.

Nami nilikuwepo harusini. Niliona spika ni ndogo, na nilijua haifai kwa besi. Lakini nilikuwa nimeketi na wazee, sahani ya pilau iko mbele yangu. Nikanyamaza. Kwa hiyo deni lile lilikuwa langu pia. Makala haya ni sehemu ya kulilipa.

BESI NI CHOMBO GANI?

Gitaa la besi la umeme lilianza kuuzwa kwa wingi baada ya mwaka 1951. Mwaka huo fundi wa Marekani, Leo Fender, alitoa gitaa lake la besi huko California. Kabla ya hapo wapigaji wengi walitumia besi kubwa ya mbao, ndefu kupita mtu. Ilikuwa taabu kuibeba.

Gitaa la besi lina nyuzi nne nene. Sehemu ya uzi inayolia ina urefu wa sentimita 86 hivi. Gitaa la kawaida lina sentimita 65 hivi. Uzi mrefu na mnene hutikisika polepole, na sauti yake ni nzito. Uzi mnene kabisa wa besi hutikisika mara 41 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutikisika mara 82.

Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya ule. Umeme huo huenda kwenye kikuza sauti, kisha kwenye spika.

Hapa Tanzania bendi za dansi zimetumia besi kwa miaka mingi. NUTA Jazz ilianza Dar es Salaam mwaka 1964. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, na mtindo wake ni Sikinde. Suleiman Mwanyiro alipiga besi katika Mlimani Park. Jirani zetu wa Tabora walikuwa na Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Ukisikiliza nyimbo za zamani za bendi hizo, fuata besi peke yake. Utasikia kwamba haisemi kila wakati. Inasema, inanyamaza, kisha inasema tena. Katika kunyamaza kwake wengine hupata nafasi.

Jambo jingine ujue. Wanamuziki wengi wa bendi zile hawakuwa na vyombo vyao wenyewe. Vyombo vilikuwa mali ya shirika au ya tajiri. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Vijana wetu saba walinunua gitaa kwa jasho lao. Hilo ni jambo la heshima, na ndiyo sababu inafaa walitunze.

SPIKA YA BESI NI KUBWA

Sauti nzito husukuma hewa nyingi. Kwa hiyo karatasi ya spika hutembea mbele na nyuma kwa nguvu. Spika ndogo ya redio au ya mikutano haikuundwa kwa kazi hiyo. Itakoroma, halafu itachanika au waya wake utaungua.

Tumia kikuza sauti cha besi na spika ya besi. Spika nyingi za besi zina upana wa inchi 10, 12 au 15. Kwa mazoezi chumbani, wati 30 hadi 50 hutosha. Kwa ukumbi mdogo wenye ngoma, tafuta wati 100 au zaidi. Uwanjani utahitaji zaidi ya hapo.

Kama fedha haitoshi, nunua kikuza sauti kidogo cha besi na upige kwa sauti ndogo. Watu wakisema "ongeza", usikie kwanza spika. Spika ikianza kukoroma, punguza mara moja. Kukoroma ni kilio chake.

Tena usiuze mbegu ili ununue gitaa. Weka kwanza mbegu na chakula cha nyumbani. Gitaa linunuliwe kwa ziada.

JINSI YA KULIWEKA SAWA

Gitaa lililotumika mara nyingi huja likiwa limeharibika mpangilio. Usilitupe. Fuata hatua hizi.

Kwanza, kaza nyuzi. Majina ya nyuzi, kuanzia nene, ni E, A, D na G. Pata sauti ya E kutoka kinanda au simu. Kisha bonyeza uzi wa E nyuma ya chuma cha tano cha shingo. Sauti hiyo ni A. Kaza uzi wa pili mpaka ulie sawa nayo. Bonyeza uzi wa A mahali hapohapo, upate D. Bonyeza D, upate G.

Pili, angalia shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye chuma cha kwanza na chuma cha mwisho kwa pamoja. Tazama katikati. Pawepo nafasi ndogo tu, kama unene wa kadi. Magitaa mengi yana fimbo ya chuma ndani ya shingo. Nafasi ikiwa kubwa, kaza fimbo hiyo kwa spana yake. Kama hakuna nafasi kabisa, ilegeze. Zungusha robo tu, kisha kaza nyuzi upya na utazame tena. Ikiwa ngumu, acha, mpe fundi. Ukiilazimisha itakatika.

Tatu, pima kimo cha nyuzi. Kwenye chuma cha 12, nafasi kati ya chuma na uzi iwe milimita 2 hadi 3. Nyuzi zikiwa juu sana, vidole vitauma. Zikiwa chini sana, zitagonga vyuma na kuzomea. Kimo hurekebishwa kwa skrubu ndogo za daraja, pale nyuzi zinapoishia.

Nne, jaribu ukweli wa sauti. Gusa uzi kidogo tu juu ya chuma cha 12, bila kubonyeza, uupige. Utasikia sauti nyembamba kama filimbi. Sasa bonyeza uzi palepale, uupige tena. Sauti mbili ziwe sawa. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza kipande cha daraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

JINSI YA KUPIGA

Mkono wa kushoto, bonyeza uzi karibu kabisa na chuma, upande wa nyuma yake. Usibonyeze juu ya chuma. Mkono wa kulia, egemeza kidole gumba juu ya sumaku. Piga kwa kidole cha shahada na kidole cha kati, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetembea. Mguu mmoja hauwezi kutembea.

Nyuzi usizozipiga uziguse ili zinyamaze. Kunyamazisha uzi ni kazi sawa na kuupiga.

Kama umeimba kwaya, unajua do, fa na so. Nyimbo nyingi husimama juu ya sauti hizo tatu. Weka kidole kwenye uzi wa A, chuma cha tatu. Hiyo iwe do. Sasa nenda uzi wa D, chuma kilekile cha tatu. Hiyo ni fa. Rudi uzi mnene wa E, chuma kilekile. Hiyo ni so. Kwa kidole kimoja na chuma kimoja umepata sauti tatu. Wimbo ukipanda, hamisha kidole kwenda chuma cha juu. Mpangilio ni uleule.

Sikiliza mguu wa mpiga ngoma. Besi na ngoma ni ng'ombe wawili wa nira moja. Mmoja akikimbia na mwingine akichelewa, jembe litapinda. Katika dansi, wimbo ukifika kwenye chemko, vijana hutaka kukimbia. Wewe shika mwendo.

UMEME HAUNA RAFIKI

Hapa nisome kwa makini. Spika ikichanika hununuliwa nyingine. Mtu akipigwa na umeme anaweza kufa.

Nyuzi za besi ni chuma. Maikrofoni ni chuma. Kama vyombo havina waya wa ardhini, umeme unaweza kupita kati ya nyuzi na maikrofoni, kupitia mikono na midomo yako.

Usikate mguu wa tatu wa plagi. Huo ndio wa ardhini. Usipige ukiwa miguu mitupu juu ya ardhi yenye maji. Mvua ikianza, zima vyombo kabla ya kuvikimbiza ndani. Ukisikia mtekenyo mdogo kwenye nyuzi, acha kupiga. Zima, umwite fundi umeme. Mtekenyo ni onyo.

Ukitumia jenereta, iwashe kwanza ikae sawa, ndipo uwashe kikuza sauti. Wakati wa kumaliza, zima kikuza sauti kwanza. Na kabla ya kuchomeka au kuchomoa waya wa gitaa, punguza sauti mpaka mwisho.

KUTUNZA

Baada ya kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu. Jasho huleta kutu. Usiliache gitaa juani wala ndani ya gari lililofungwa. Usilining'inize karibu na moto wa jikoni. Vumbi la mashine za kukoboa ni jingi hapa kwetu, kwa hiyo lifunike. Nyuzi zikififia sauti kwa uchafu, zitoe, zichemshe kwa dakika kumi, zikaushe kabisa, uzirudishe. Zitalia tena kwa muda. Gitaa lenye betri ya volti 9, chomoa waya wake usipolitumia, betri isiishe bure.

MPIGA BESI HAUZWI SOKONI

Turudi kwa vijana wetu. Mwezi mmoja ulipita. Kikundi kilijaribu kupiga bila besi. Watu walikuja, wakasimama, wakaondoka. Dada mmoja wa kikundi akashika gitaa, lakini alikuwa hajafundishwa. Yule kijana alikuwa amejifunza kwa miaka miwili.

Hapo nilikwenda kwenye mkutano wao. Niliwaeleza niliyoyaona harusini, na kwamba nilinyamaza. Mzee mmoja, baba wa binti mle kikundini, akasema, "Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini kusaidika. Ninyi mmelifunga zizi."

Walikubaliana kwamba deni ni la wote saba. Nami nikatoa sehemu yangu. Vijana wawili wakatumwa machimboni na nauli ya watu watatu. Walimkuta akiponda mawe, mikono imepasuka. Walimwambia, "Kaka, tulikosa. Twende nyumbani, jaruba lina magugu." Alirudi wakati wa palizi.

Msimu uliofuata walinunua kikuza sauti cha besi. Waliandika daftari la vyombo: nani amebeba, nani amefuta, nini kimeharibika. Tena walikubaliana kila mtu ajifunze do, fa na so kwenye besi. Yule dada sasa hupiga nyimbo nne.

Ndugu msomaji, labda wewe huna gitaa. Labda una pampu ya kijiji, mashine ya kukoboa au plau ya ujima. Mambo ni yaleyale. Jifunzeni chombo kabla ya kukitumia. Kikiharibika, tafuteni kwanza sababu, ndipo mseme habari ya kulipa. Na wewe unayejua, usinyamaze kwa sababu ya pilau.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini spika ndogo huchanika ukipigia besi?
2. Nyuzi nne za besi zinaitwaje?
3. Ukisikia mtekenyo kwenye nyuzi, utafanya nini?
4. Je, ilikuwa haki mpiga besi alipe peke yake? Eleza.
5. Kikundi chenu kina chombo gani cha pamoja? Nani ana daftari lake?