Mwenzangu si Mpangaji

Jumapili jioni simu ya mama kutoka Mombasa haikosi. Siku moja nilikuwa jikoni kwetu London nakaanga samaki, mama akasikia sauti ya mwanamume nyuma yangu.

"Nani huyo, mwanangu?"

"Ah, mpangaji mwenzangu tu, mama."

Nikageuza samaki, yakaisha. Kumbe hayakuisha. Wiki ile mwenzangu alimuuliza nesi mmoja Mkenya anayefanya naye kazi: "mpangaji" maana yake nini? Aliporudi nyumbani hakugomba. Aliniambia tu, "Basi mwisho wa mwezi nitakulipa kodi." Utani ule ulinichoma kuliko tusi.

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mwanamume unayempenda mwanamume mwenzio, najua umenielewa. Hapa England na Wales tumeruhusiwa kufunga ndoa tangu 2014, lakini cheti hakikupi ujasiri wa kupokea simu ya mama. Na kwetu Kenya, vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya adhabu vinaweza kumtia mtu ndani hadi miaka 14. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Kwa hiyo simwambii mtu apande juu ya paa atangaze. Kuna wakati kuficha ndiko kunakokuweka salama. Ninachosema ni hiki: mfiche pamoja. Siri waliyokubaliana wawili huwalinda, siri ya mmoja humuumiza mwenzake.

Ulizaneni mapema

Kabla ya kuhamia nyumba moja, kaeni chini muulizane. Kwenu nani anajua? Nani asijue kabisa? Tukikutana na binamu yako sokoni, mimi ni nani? Ni maswali makavu, hayana mahaba hata kidogo, ila yangeniokoa na aibu ya ile "mpangaji".

Msisukumane

Wewe uliyejitangaza, usimwone mwenzako mwoga. Wangu kazaliwa Birmingham na wazazi wake wanajua tangu ujana wake. Ilimchukua muda kuelewa kwamba mimi naogopa kukosa hata mazishi ya kwetu.

Na wewe unayejificha, usidhani mwenzako hana anachopoteza. Kila simu inapolia akatoka chumbani kwa kunyata, kuna kitu kinapungua. Muulize kinamuuma nini, kisha umsikilize mpaka mwisho bila kujitetea.

Picha zina mwenyewe

Hakuna kuweka picha mtandaoni bila ruhusa. Hakuna kumtaja kwa marafiki bila ruhusa. Hata mkigombana, hata mkiachana. Kumtangaza mtu kwa hasira kunaweza kumgharimu kazi, ukoo, hata maisha. Mpenzi anayekutishia kwa siri yako hakupendi, bwana. Ondoka.

Afya isiwe siri

Dunia inaweza kufichwa, mwenzako asifichwe. Nendeni mkapime pamoja. Hapa England kliniki za afya ya uzazi na zinaa za NHS hutoa vidonge vya PrEP bure, vya kumkinga asiye na VVU. Na mwenye VVU anayemeza dawa zake sawasawa hadi virusi vikawa havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Magonjwa mengine ya zinaa bado yanataka kondomu na vipimo. Ukishajua haya, mazungumzo yanakuwa mepesi.

Tafuteni neno lenu

Sisi tulikaa mezani usiku mmoja kutafuta neno. "Rafiki" aliliona dogo. "Mume wangu" mimi sikuweza kulitamka kwenye simu, na yeye hakunilazimisha. Mwishowe tukakubaliana: "mwenzangu". Kwa Kiswahili mwenzako anaweza kuwa wa kazini, wa safari, au wa maisha. Neno ni la kweli, na halinitii hatarini.

Dada yangu nimeshamweleza. Mama bado. Ila Jumapili iliyopita, kabla ya kukata simu, aliniuliza:

"Na mwenzio, keshakula?"

Nikamjibu, "Kashakula, mama. Anakusalimu."

Mwenzangu alikuwa amekaa pale pale kando yangu. Siku hiyo hakutoka chumbani.