Sanduku la Spana la Marehemu

Tulifika Litein alasiri, mvua ikiwa imekatika na ukungu ukipanda kutoka kwenye majani ya chai, tukamkuta mwenyeji wetu ameketi barazani juu ya mkeka, mbele yake sanduku la chuma lililo wazi. Tutamwita Bi Mkubwa, kwa kuwa hakupenda jina lake lichapwe. Alizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, akaolewa na fundi wa magari aliyefanya kazi katika mashamba ya chai, na tangu hapo makao yake ni Kericho. Mumewe alifariki dunia mwaka jana. Eda imekwisha, lakini mirathi ilikuwa haijagawanywa, kwa sababu ambayo huenda wengine wakaiona ndogo: hesabu ya sanduku hilo ilikuwa haijatimia.

Kitinda mimba wake alikuwa amemleta mnunuzi wa chuma chakavu, na mizani yake. Shauri lake lilikuwa sanduku zima lipimwe kwa kilo, fedha ziingizwe katika mali, mambo yaishe. Bi Mkubwa alikataa. Alitaka kila kifaa kijulikane ni nini, kina thamani gani na ni cha nani. Mnunuzi akaondoka na mizani yake, nasi tukaombwa tushike kalamu.

Cha kwanza kutolewa kilikuwa hendeli ya kuwashia gari, fimbo nzito iliyokunjwa mara mbili. Kijana akacheka, gari gani leo lina tundu la kupitishia kitu hicho? Ni kweli, halipo. Lakini Land Rover za zamani na Peugeot 404 zilikuwa nalo puani, na betri ilipokufa asubuhi ya baridi, hendeli ndiyo iliyompeleka mtu kazini. Bi Mkubwa alituonyesha namna alivyofundishwa na mumewe: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiuzunguke mpini, na hendeli ivutwe kwenda juu, isisukumwe kwenda chini. Injini ikiwaka kinyume huirudisha fimbo kwa nguvu za kuvunja mkono.

Chini yake palikuwa na spana zenye herufi W. Hizi zilikuwa zimemchosha kijana, maana haziingii kwenye nati yoyote ya gari lake la Kijapani. Ni za kipimo alichokitoa Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841, na namba iliyochongwa juu yake haionyeshi upana wa kinywa cha spana, bali unene wa bolti. Ndiyo sababu spana iliyoandikwa robo inchi ina kinywa cha milimita 13 na kidogo, ilhali robo inchi yenyewe ni milimita 6 na kidogo. Asiyelijua hilo hudhani spana ni mbovu, akaitupa. Anayelijua, na ambaye bado ana Land Rover ya mwanzo au mashine kongwe ya Kiingereza, atazitafuta mji mzima.

Katika kijaluba cha bati tukaikuta fila geji, majani membamba ya chuma yaliyofungwa pamoja kama upepeo, kila jani na unene wake. Jani la milimita 0.4 lilikuwa limechakaa kuliko mengine yote, kwa kuwa ndilo lililopima nafasi ya pointi za distribyuta. Pointi hulika, nafasi ikipotea, gari hukohoa au halikubali kuwaka kabisa. Na katika nchi hii, ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, distribyuta ilikuwa na adui wa pili, unyevu. Bi Mkubwa alihesabu kanga zake zilizokwenda kukausha kifuniko cha distribyuta alfajiri, mojawapo ikiwa kanga ya harusi. Hilo, alisema, hakulisamehe hadi alipomzalia mtoto wa tatu.

Kilichotupendeza zaidi sisi watu wa pwani kilikuwa chupa ndogo ya dawa iliyojaa vipande vya shaba vyenye matundu membamba: jeti za kabureta. Gari lililozoea Mombasa, usawa wa bahari, likipandishwa hadi Kericho, takriban mita 2,000 juu, hukuta hewa nyepesi. Petroli ile ile huwa nyingi mno kwa hewa iliyopo. Moshi mweusi hutoka nyuma na plagi huingia masizi. Jamaa waliopanda kutoka pwani kwa mapumziko walitiliwa jeti yenye tundu dogo zaidi, na siku ya kurudi wakarudishiwa yao. Gari za leo zina kompyuta inayopima hewa na kukadiria petroli yenyewe, na msafiri hajui hata kwamba kazi hiyo imefanyika.

Mengine tuliyapitia haraka. Haidromita ya maji ya betri, kioo kimepasuka: haina bei. Bomba la grisi, zima, na bado lina kazi kwenye matela ya kubebea majani ya chai. Spana za kurekebishwa kinywa, ambazo mafundi wamezipa jina tusiloweza kulichapa katika jarida linalosomwa na watoto: mbili.

Tumtendee haki kijana. Yeye si mvivu wala hamdharau baba yake. Ana kidude kidogo anachokichomeka chini ya usukani, na simu yake humwandikia hitilafu ya injini kwa namba. Marehemu alijua hitilafu kwa kusikiliza, akiwa amelishika koleo kwa meno. Lakini kidude hakifungui nati, na hapo ndipo tulipofika kwenye vitu vilivyokosekana.

Zilikuwamo seti tatu za soketi, na katika kila seti pengo lilikuwa mahali pamoja: namba 10. Gari za Kijapani zina nati za kipimo hicho kila upande, kwenye vichwa vya betri, kwenye kisanduku cha chujio la hewa, kwenye vifuniko vya plastiki. Soketi hiyo ndiyo itolewayo kila siku, ikawekwa juu ya injini, bonneti ikafungwa. Aghalabu haiendi mbali. Huanguka juu ya bamba lililo chini ya injini, ikalala humo hadi siku ya kumwaga oili, ikaokotwa na fundi mwingine. Binti wa nyumba ameipaka yake rangi nyekundu ya kucha, na haijapotea.

Binti huyo ana sababu ya kuwa makini. Ni mwalimu upande wa Bomet. Mwaka juzi alikuwa akitoka Kaplong wakati wa magharibi, watoto wawili nyuma, gurudumu likapasuka mahali pasipo na nyumba, na mvua inanyesha. Gurudumu la akiba lilikuwapo. Jeki ilikuwapo. Wili spana haikuwapo, kwa kuwa kaka yake aliiazima akasahau kuirudisha. Dereva wa pikapu ya majani ya chai alisimama akatoa yake. Ndipo ilipoonekana kwamba kila gurudumu lina nati moja ya kufuli, na ufunguo wake, kipande kisichozidi ukubwa wa kizibo, haumo garini. Gari lilinunuliwa likiwa limetumika, na hakuna aliyeuulizia. Walifika nyumbani baada ya Isha, wamebebwa, watoto wanatetemeka.

Basi kina mama mnaoendesha, na mnaotarajia kununua gari lililokwisha kutumika, fungueni buti wenyewe. Jeki, mpini wa jeki, wili spana, ufunguo wa nati: vishikeni kwa mkono. Msikubali kuambiwa "ipo" na mtu aliyeketi sebuleni.

Marehemu alikuwa na daftari la azima. Aliyesoma Suratul-Maun anajua kwamba kunyimana vyombo vya kusaidiana si jambo dogo, na wafasiri wametaja humo shoka, chungu na ndoo. Marehemu hakumnyima mtu. Aliandika tu, tarehe, kifaa na mwazimaji. Kwa daftari hilo Bi Mkubwa aliwatuma watoto mlango kwa mlango, na vifaa saba vikarudi. Jeki moja ilirudi imetiwa oili mpya. Mwazimaji mmoja alikana, naye akaachiwa.

Lakini daftari liliandika vilivyotoka tu, si vilivyoingia. Miongoni mwa spana za Whitworth ilikuwamo moja iliyokwaruzwa herufi mbili zisizo za marehemu. Hiyo ndiyo iliyokuwa imesimamisha mgawanyo wote. Bi Mkubwa anajua thumni yake, na watoto wanajua mafungu yao. Hata hivyo amana ya mtu haigawanywi, na hakutaka mumewe aulizwe kuhusu spana. Alikumbuka kwamba herufi zile zilifanana na za Mkipsigis mmoja waliyefanya kazi naye karakana moja, aliyestaafu akarudi kwao, ng'ambo ya Silibwet.

Asubuhi yake tuliichukua, imefungwa katika gazeti. Tulimkuta mzee uani kwake, tukamwamkia "Chamgei," akatuitikia akatuagizia chai. Macho yake yamefifia. Tulipomweleza tulikotoka na habari ya msiba, alinyamaza kitambo, kisha akanyoosha mkono. Alifungua gazeti, akapitisha kidole gumba juu ya zile herufi, mara moja, na mara ya pili. Halafu akauliza kama ile ya nusu inchi nayo imo sandukuni.

Tulimpigia simu Bi Mkubwa hapo hapo. Tulimsikia akilifungua tena.