Dhoruba ya Mirihi na Chombo cha Dzombo

Juzi wenzangu wawili wa fasihi hapa Morogoro walibishana mpaka chai ikapoa. Mmoja alidai kwamba Walenisi, riwaya ya Mkenya Katama Mkangi iliyotoka mwaka 1995, ni ya kitoto, kwa kuwa mtu hawezi kuendesha chombo cha anga bila kusomea. Huyo huyo akaisifu sinema ya The Martian (2015) kwamba ndiyo yenye sayansi ya kweli. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba alichanganya mambo mawili: kosa la sayansi na tundu katika msuko.

Suala hili si geni. Aristotle alikwisha kueleza kwamba mchoraji asiyejua kuwa paa jike hana pembe amekosa kidogo kuliko yule asiyejua kuchora. Kwa mfano, milipuko ya Star Wars (1977) inanguruma angani, ambako hakuna hewa ya kubeba sauti. Hilo ni kosa la sayansi, lakini hakuna tukio linalosimama juu ya sauti hiyo, wala sinema yenyewe haikutuahidi sayansi. Tunasamehe, tunaendelea kutazama.

Sasa tuje kwenye The Martian. Sinema inaanza kwa dhoruba katika sayari ya Mirihi. Antena inang'oka na kumpiga mwanaanga Watney, roketi ya kuondokea inataka kuanguka, na wenzake wanaondoka wakidhani amekufa. Lakini nguvu ya upepo haitokani na kasi peke yake. Inategemea pia uzito wa hewa. Ukipanda vilele virefu vya Uluguru, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, hewa inapungua, lakini mgandamizo wake bado ni kama robo tatu ya ule wa pwani. Ndiyo maana upepo wa milimani unaweza kulaza migomba. Kule Mirihi mgandamizo haufiki hata asilimia 1 ya ule wa pwani. Dhoruba ya huko ingepeperusha vumbi tu, si kuangusha roketi. Andy Weir, aliyeandika riwaya iliyozaa sinema hiyo, amekiri kwamba alilijua hilo. Alitaka njia ya kumwacha mtu wake huko.

Hata hapo tungesamehe. Tatizo liko mwishoni. Watney anaondoka kwa chombo kilichovuliwa pua na kufunikwa turubai. Inawezekanaje? Kwa sababu hewa ya Mirihi ni nyepesi mno! Yaani hewa ile ile iliyotaka kuangusha roketi mwanzoni, mwishoni haina ubavu wa kuzuia turubai. Hapo ndipo msuko unapotoboka: kazi imevunja sheria yake yenyewe.

Turudi kwa Dzombo, mhusika mkuu wa Walenisi. Anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo na kurushwa angani. Anafaulu kukiongoza, akafika Walenisi, nchi yenye haki. Fundi wa roketi atacheka. Lakini Mkangi, ambaye mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini na serikali ya nchi yake katika miaka ya 1980, hakutuahidi ufundi. Jina lenyewe linafumbua fumbo: wale ni sisi. Chombo kile ni ndugu wa zulia linaloruka katika hekaya, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza zulia linatumia mafuta gani. Ukitaka kuikosoa riwaya hii, ikosoe kwa mahubiri yake marefu, maana huko ndiko inakochosha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, swali la kwanza la mhakiki lisiwe "je, inawezekana?" Aulize kwanza kazi imeahidi nini, halafu kama imetimiza. Tusipofanya hivyo, tutaendelea kuzisamehe kazi za wageni kwa sababu zina mitambo, na kuzitupa za kwetu kwa sababu zina mafumbo.