Mafuta ya mia tano: kwa nini anayenunua kidogo hulipa zaidi

Saa kumi na mbili jioni, duka la Mangi wa mtaani kwetu huwa limejaa watoto. Mmoja ameshika chupa tupu ya maji, mwingine kibakuli, mwingine noti iliyokunjwa mpaka imekuwa ndogo kama pipi.

“Mangi, mafuta ya mia tano.”

“Mangi, sukari robo.”

“Mangi, mama kasema unga nusu na kiberiti, na chenji nirudi nayo.”

Mangi anapima, anamimina, anapokea. Kwa muda wa saa moja hivi yeye ndiye ghala la chakula la nusu ya mtaa.

Wazazi wengi tunaosoma ukurasa huu tumewahi kumtuma mtoto namna hiyo, wengine jana tu. Ni ununuzi wa mtu anayepata pesa kwa siku: fundi, dereva wa bodaboda, mama ntilie, dada anayefua nguo za watu. Pesa yake haiji tarehe 30, basi hawezi kununua chakula cha mwezi. Bei zinapopanda, huyu hupandishiwa mara mbili. Mara ya kwanza ni ile bei ya sokoni inayotugusa wote. Mara ya pili ni kwenye kipimo.

Nilitaka kujua hiyo mara ya pili ni kiasi gani. Kwa siku tano mfululizo nilinunua mafuta ya mia tano, nikayapima nyumbani kwa chupa ya mtoto ya maziwa, ile yenye mistari ya mililita. Siku nne yalifika kwenye 80. Siku moja yalivuka kidogo, nadhani Mangi alikuwa anaongea na simu. Kwa kipimo hicho lita moja ilinigharimu Sh6,250. Dukani hapo hapo, kwenye rafu ya nyuma, kidumu cha lita tano kiliuzwa Sh26,000, yaani Sh5,200 kwa lita.

Familia inayotumia mafuta ya Sh1,000 kwa siku itatoa Sh30,000 kwa mwezi na kupata lita 4.8. Mwenye kidumu ametoa pungufu ya Sh4,000 na bado ana mililita 200 za ziada. Sh4,000 si utajiri, lakini mtaani kwetu ni zaidi ya kilo moja ya maharage. Na hapo tumehesabu mafuta peke yake. Ongeza sukari ya robo, unga wa nusu, sabuni ya kipande, mkaa wa kopo. Mkaa sikuthubutu kuupima. Aliyewahi kununua gunia zima anajua tofauti yake.

Kabla hatujamgeukia Mangi, tukumbuke kwamba yeye naye hununua ndoo ya lita 20, na linalodondoka katika kumimina ni lake. Ana daftari la madeni ambalo baadhi ya kurasa zake hazitalipwa kamwe. Supamaketi ina bei nzuri ya kidumu, ila tarehe 25, wakati mfukoni huna kitu na watoto wanataka uji, hakuna supamaketi itakayoandika jina lako kwenye daftari. Kile anachotoza juu ya kipimo, kwa sehemu, ni bei ya mkopo ambao benki isingetupa.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume huwa hawalioni. Kidumu kikiwa ndani, kinatumika. Maandazi yanapikwa, jirani anaomba “kidogo tu”, samaki wanaelea. Mama anayepima ya mia tano mara nyingi anajua anachokifanya: anajifungia pesa yake isimalizike. Kwa hiyo ushauri wa “nunua jumla” unaotolewa na watu wenye mshahara una ukweli nusu.

Bei zenyewe zinapandia wapi

Mafuta ya kula tunayalipia kwa mambo yanayotokea mbali. Alizeti yetu ya Singida na Dodoma haijatosha mahitaji ya nchi, na sehemu kubwa ya pengo huzibwa na mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi mbili zinazoongoza kuuza mafuta ya alizeti duniani zikawa vitani. Aprili mwaka huo huo Indonesia ikazuia kwa wiki kadhaa mawese yake yasiuzwe nje. Tuliokuwa tunapika wakati ule tunakumbuka kipimo cha mia tano kilivyosinyaa.

Sukari ilikuwa kisa cha nyumbani zaidi. Mvua za El Niño zilivuruga uvunaji wa miwa na kazi viwandani, na Januari 2024 serikali ikalazimika kutangaza bei kikomo ya rejareja kati ya Sh2,700 na Sh3,200 kwa kilo, kutegemea mkoa. Tangazo lilikuwepo redioni. Sukari yenyewe wengi tuliipata kwa zaidi ya hapo, au hatukuipata.

Wenzetu wa Kenya walijaribu njia nyingine. Julai 2022 serikali yao ilishusha paketi ya kilo mbili ya unga wa mahindi mpaka Sh100 za kwao, wiki chache kabla ya uchaguzi. Septemba serikali mpya ikaondoa ruzuku hiyo. Nafuu ya aina hiyo haikai, na mzazi hawezi kuipangia bajeti.

Anachoweza kukipangia ni majira. Mahindi ya Ruvuma, Rukwa, Mbeya na Iringa huvunwa kuanzia Mei na Juni, hivyo Julai na Agosti ndipo bei hulegea. Januari hadi Machi, wakati ghala za wakulima zimepungua, ndipo hukaza, na ni miezi ile ile ya ada na sare za shule. Mchele wa Mbeya na Morogoro nao hupatikana kwa wingi katikati ya mwaka. Nyanya huadimika masika kwa sababu mvua huziozesha shambani na magari hukwama. Mihogo, viazi vitamu na ndizi za kupika, hapa Dar es Salaam na pwani nzima, hupanda siku chache kabla ya Ramadhani. Hilo kila mtu analijua, na kila mwaka tunashtuka upya.

Hata dagaa wana kalenda yao. Wavuvi wa Ziwa Victoria huwavuta kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu na mitumbwi mingi hupumzika. Ukisikia mwuza dagaa anasema “sasa hivi mbalamwezi”, hakudanganyi.

Mwisho, sikiliza bei kikomo za mafuta ya magari ambazo EWURA hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Nyanya kutoka Iringa haiji Dar kwa miguu.

Gunia la uani

Kwenye uwanja wetu wa nyumba ya kupanga kuna kaya saba. Mwaka juzi mama wa chumba cha mbele alileta wazo: badala ya kila mmoja kupima mchele kilo moja moja kwa Mangi, tuchange tununue gunia, tugawane. Vikoba tunavijua, upatu tunaucheza, kwa nini tusicheze upatu wa chakula?

Mara ya kwanza tuliharibu. Tulimpa pesa kijana mmoja wa uani aende sokoni peke yake, akarudi na gunia lililosemwa kuwa la kilo 100. Tulipoanza kugawa, kaya ya sita ilipofikiwa mchele ukawa unakaribia kwisha. Tulipima upya: kilo 91. Je, kijana alipunjwa na mwenye duka, au kuna aliyechota njiani? Hatukujua, na hatujui mpaka leo. Wawili hawakusalimiana kwa wiki tatu, na kijana yule alihama kabla ya mwezi kuisha. Kilo tisa za mchele zilivunja uwanja mzima. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomnyooshea kidole, na sijioni kuwa nilitenda haki.

Tulianza upya miezi minne baadaye, kwa masharti ambayo hayajabadilika. Wanakwenda watu wawili, kamwe si mmoja. Gunia linapimwa mbele yao kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo. Muuzaji asiye na stika tunampita. Lumbesa hatugusi hata iwe rahisi namna gani, kwanza ni kosa kisheria, pili inamnyonya mkulima aliyelima. Mchele unagawiwa siku ile ile, barazani, kila mtu akiona. Pesa haikai kwa mtu: ikichangwa Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi imekwisha sokoni. Ambaye hajatimiza fungu lake anachukua la nusu, bila maneno.

Kuchangia kwenyewe ndiko kugumu kwa anayeishi kwa pesa ya siku. Kaya tatu kati ya zetu huweka Sh1,000 kila jioni kwenye kopo lenye kufuli kwa bibi wa chumba cha mwisho. Bibi hana simu janja wala hapendi stori, na hiyo ndiyo sifa iliyompa kazi. Ufunguo uko kwa mtu mwingine.

Tunakwenda Tandale au Manzese kwa nafaka. Kuokoa kwetu kwa kilo kunatofautiana, na nauli ya bajaji ya kurudi na gunia hula sehemu. Tukiwa kaya chini ya nne, hesabu haitoki. Mafuta tuliyajaribu kwa ndoo ya lita 20 tukaacha. Kumiminiana kulileta ugomvi mwingine. Kila uwanja utajua cha kwake.

Kinachokatwa kwanza

Bei zikipanda, familia haiachi kula. Inaacha kitu kimoja kimoja. Nyama huondoka, halafu mayai, halafu maziwa ya mtoto, halafu matunda. Ugali unabaki, na mboga ya kusukumia. Tumbo linajaa, kwa hiyo hakuna anayelalamika. Ila mtoto aliye chini ya miaka miwili hukua kwa kile kilichoondolewa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Na si kwamba udumavu uko kwenye mikoa ya njaa tu. Iringa na Njombe, zinazolisha mikoa mingine, zimo miongoni mwa zilizoathirika zaidi.

Kwa hiyo, kama lazima kitu kikatwe, anza na soda, biskuti na tambi za paketi. Sukari ya chai ipunguzwe kabla ya maharage. Dagaa wachache waliooshwa vizuri, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa, wanaweza kuingia kwenye uji au mboga ya mtoto wa kuanzia miezi sita kila siku. Tafuta waliokaushwa kwenye chanja, maana waliokaushwa ardhini wana mchanga. Maharage yaloweke usiku, mwaga maji yale, ndipo uyachemshe. Yanaiva haraka, na mkaa unaopungua hapo ni pesa. Mchicha, matembele, majani ya maboga: fungu moja linalisha watoto watatu, na matembele yanaota hata kwenye kiroba nje ya mlango.

Dona mara nyingi ni nafuu kuliko sembe na lina zaidi ndani yake, kwa sababu kiini na ganda havijaondolewa. Halikai muda mrefu, basi saga kidogo kidogo. Na hapa usibane pesa hata kidogo: mahindi au karanga zenye ukungu, zilizovunda au kubadilika rangi usinunue kwa bei yoyote. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga za bei ya kutupa, zile zinazosagwa kuwekwa kwenye unga wa lishe wa watoto, zichambue moja moja kabla ya kwenda mashineni, hata kama mwenye mashine anakuharakisha.

Mimi bado namtuma mwanangu kwa Mangi. Mafuta bado ni ya mia tano, kidumu kimenishinda kwa sababu nilizoeleza. Lakini mchele, maharage na mahindi ya kusaga vimehama kutoka kwenye daftari lake, na aliponiuliza kwa nini ukurasa wangu umekuwa mweupe, nilimwambia ukweli. Alicheka, akauliza gunia tunalinunua kwa nani.

Jumamosi hii ni zamu ya maharage. Mama wa chumba cha mbele anataka ya njano kwa kuwa yanaiva upesi, bibi anasema ya njano ni ghali na meno yake hayachagui rangi. Kopo lilihesabiwa jana usiku. Imepungua Sh3,000, na wa kwenda sokoni bado hatujawapata.